Jinsi ya Kurekebisha Kadi, Vibao na Matangazo ya Nyumba Yalingane na Sheria ya Leseni ya California

Anayetafuta nyumba California hukutana na tangazo kabla ya kukutana na wakala. Inaweza kuwa kadi aliyopewa baada ya ibada, picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp, au kibao kilichochomekwa kwenye nyasi mbele ya nyumba. Hapo ndipo anapoamua kupiga simu au kupita. Sheria inataka, kabla hajashika simu, awe ameshajua mambo matatu: anayejitangaza ni nani, namba yake ya leseni ni ipi, na ni broka gani anayebeba dhamana ya kazi yake.

Msingi wa haya ni kifungu cha 10140.6 katika sheria ya jimbo inayosimamia biashara na taaluma. Namba ya leseni ilianza kudaiwa kwenye kadi na vipeperushi mwaka 2009, lakini matangazo ya magazeti, ya mtandaoni na vibao vya "Inauzwa" yaliachwa nje. Tarehe 1 Januari 2018 mlango huo ulifungwa: vibao, magazeti, televisheni na mtandao vyote viliingizwa, na utambulisho wa broka ukawa wa lazima. Tarehe 1 Januari 2026 ikaongezeka sheria ya picha zilizobadilishwa kwa kompyuta. Wakala aliyechapisha kadi zake zamani na kuziamini hadi leo ana kazi ya kufanya, na mwongozo huu ni kwa ajili yake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ya wateja wetu. Mgeni aliyefika juzi humwamini upesi mtu anayemsemesha kwa lugha yake. Hajui kwamba leseni ya wakala yeyote inaweza kukaguliwa bure mtandaoni na mtu yeyote. Namba ikiwepo kwenye tangazo, ana pa kuanzia. Isipokuwepo, hana njia ya haraka ya kumtofautisha wakala halali na mtu anayekusanya malipo ya awali na kutoweka.

Hatua ya 1: Anza na rejista, usianze na mbunifu wa kadi

Fungua tovuti ya Idara ya Mali Isiyohamishika ya California, ile inayoandikwa DRE kwenye kadi, na utafute jina lako kwenye ukurasa wa kukagua leseni. Utaona jina lililosajiliwa, namba ya leseni, tarehe ya kumalizika, na broka ambaye leseni yako iko chini yake. Nakili haya kama yalivyo. Usiandike namba kutoka kichwani, wala usiichukue kwenye kadi ya zamani.

Namba ya leseni ina tarakimu nane na huanza na sifuri. Ukiiweka kwenye jedwali la Excel bila kuliambia kwamba hayo ni maandishi, sifuri za mbele hutoweka na unabaki na tarakimu saba au pungufu. Kosa hili husafiri kimya kimya: kutoka kwenye jedwali hadi kwa mchapishaji, kisha kwenye vipeperushi vyote. Hesabu tarakimu kila unapohamisha namba.

Angalia pia jina la ukoo. Aliyebadilisha jina lake la ukoo kisheria, kwa mfano baada ya kuolewa, anaruhusiwa kuendelea kutumia la zamani kwenye biashara, mradi majina yote mawili yamewasilishwa DRE. Kama hukuwasilisha, wasilisha kwanza, kisha ndipo uchapishe.

La mwisho hapa ni jina la broka, na ndilo linalowachanganya wengi. Nembo kubwa inayojulikana nchi nzima mara nyingi hutumiwa na kampuni nyingi tofauti zilizopewa haki ya kuitumia, na kila kampuni ina leseni yake na jina lake. Sheria inataka jina ambalo broka wako amepewa leseni nalo na analifanyia biashara. Nembo peke yake huenda isitoshe. Muulize broka kwa maandishi: "Jina letu kwenye matangazo liandikwe vipi, neno kwa neno?" Jibu lake lihifadhi.

Hatua ya 2: Tunga mstari mmoja wa utambulisho

Ukishapata taarifa sahihi, andika mstari mmoja utakaotumika kila mahali. Mfano wake ni huu:

Jina Kamili, wakala wa nyumba | DRE # 00000000 | Jina la Kampuni ya Broka

Neno "wakala" au "broka" halipo hapo kwa urembo. Sheria inataka tangazo lionyeshe kwamba unafanya kazi inayohitaji leseni, na kwa Kiingereza maneno kama "broker" na "agent" yanakubaliwa kutimiza sharti hilo. Neno "Realtor" nalo linakubaliwa, lakini ni alama ya biashara ya National Association of Realtors, hivyo asiye mwanachama asilitumie. Kama tangazo lako ni la Kiswahili, ninashauri neno la Kiingereza "agent" liwekwe kando ya la Kiswahili. Afisa anayekagua asilazimike kutafuta mkalimani ili ajue kazi yako.

Namba ya leseni ya broka unaweza kuiongeza, lakini si lazima pale jina lake linapokuwa pamoja na jina na namba yako. Namba yako wewe haina mjadala. Na kama tangazo lina majina ya mawakala wawili au zaidi, kila jina liende na namba yake.

Unayeshughulika pia na kuanzisha mikopo ya nyumba una namba ya pili, ile ya mfumo wa kitaifa wa NMLS. Iongeze kwenye mstari huohuo. Ni kitambulisho kingine kabisa, na hakichukui nafasi ya namba ya DRE.

Kuna kadi nyingi bado zina herufi "BRE" au "CalBRE". Idara hiyo iliitwa ofisi, yaani "Bureau" kwa Kiingereza, kati ya 1 Julai 2013 na 30 Juni 2018, kisha ikarudi kuwa idara kamili. Namba haikubadilika. Sioni sababu ya kukimbia usiku kuzichoma kadi hizo kwa sababu ya herufi tu, lakini kila unapochapisha upya, andika DRE.

Hatua ya 3: Kusanya kila kitu chenye jina lako

Hapa usiharakishe, kwa sababu kinachosahaulika ndicho kinachobaki na makosa. Fungua jedwali na uandike kila mahali ambapo mtu asiyekujua anaweza kukukuta kwa mara ya kwanza. Sheria inazungumzia nyenzo zinazokusudiwa kuwa mkutano wa kwanza na mteja, na inataja kadi za biashara, karatasi za barua zenye nembo, vipeperushi, matangazo ya televisheni, ya magazeti na ya kielektroniki, vibao vya kuuza na kupangisha, vibao vya siku ya kutazama nyumba, na vibao vya mshale vya kuelekeza njia. Kisha inaongeza nyenzo nyingine yoyote inayolenga kuanzisha uhusiano wa kikazi kati ya wakala na mteja. Maneno hayo ya mwisho ni mapana kuliko orodha.

Kwa hiyo jiulize swali moja kwa kila kitu: je, mtu ambaye hajawahi kuzungumza nami anaweza kukiona hiki na kunitafuta nimuuzie au nimtafutie nyumba? Kama jibu ni ndiyo, mstari wa utambulisho unahitajika.

Ukijiuliza hivyo, utagundua mambo mengi. Saini ya barua pepe kwenye simu huwa tofauti na ile ya kompyuta, na ya simu ndiyo yenye upungufu. Kuna kurasa zako kwenye tovuti za kutafuta nyumba, nyingine hukumbuki ulizifungua lini. Kuna wasifu wako kwenye tovuti ya kampuni uliyoihama. Kuna video za kutembeza watu ndani ya nyumba, picha ya kichwa ya ukurasa wa Facebook, kalenda za mwaka mpya ulizogawa, stika za sumaku kwenye mlango wa gari, fulana za timu, na tangazo lililo nyuma ya kijitabu cha programu ya harusi. Kuna pia zile picha za "Nyumba mpya sokoni!" zinazotengenezwa haraka kwa simu na kurushwa kwenye kundi la watu wa nyumbani.

Hizo za WhatsApp ndizo ninazozihofia zaidi. Mawakala wengi huziona kama mazungumzo ya jamaa. Lakini kundi la watu mia mbili ambao wengi wao hukuwahi kuonana nao si sebule yako. Ukitangaza nyumba pale, umetangaza. Lugha ya tangazo haibadilishi wajibu; kifungu hakikuweka msamaha kwa tangazo la Kiswahili. Na picha ikishatumwa, itapelekwa kundi la pili na la tatu bila maneno uliyoandika chini yake. Ndiyo maana mstari wa utambulisho uwe ndani ya picha yenyewe.

Kwenye jedwali, kila kitu kipe safu nne: kiko wapi, kina jina lipi la broka, kina namba au hakina, na nani mwenye nenosiri au faili asilia. Safu ya nne ndiyo itakayokuokoa. Faili la kadi likiwa kwa mbunifu aliyeacha kazi hiyo, ni afadhali uligundue mapema.

Hatua ya 4: Rekebisha chanzo kabla ya nakala

Usianze kurekebisha tangazo mojamoja. Tafuta kiolezo kinachozaa matangazo na uweke mstari wa utambulisho humo, mahali ambapo hauwezi kufutwa kwa bahati mbaya. Programu nyingi za kutengeneza vipeperushi zinakuwezesha kufunga sehemu ya kiolezo isiguswe. Ifunge.

Kisha shughulikia vya mtandaoni, kwa sababu havina gharama ya uchapaji na ndivyo vinavyoonwa na wengi: saini za barua pepe, wasifu, kurasa za nyumba, matangazo ya kulipia yanayoendelea. Kwenye mitandao ya kijamii weka mstari kwenye wasifu na pia kwenye kila tangazo. Anayekutana na chapisho lililosambazwa na rafiki yake huenda asifungue wasifu wako kamwe. Kwenye video, mstari ukae kwenye skrini muda wa kutosha kusomeka, mwanzoni au mwishoni.

Karatasi zifuate baadaye. Kadi za zamani zisizo na namba zitoe kwenye mzunguko kabisa. Ukiziacha kwenye droo ya gari, siku moja zitagawiwa.

Hatua ya 5: Vibao vya barabarani

Vibao vina utaratibu wake, na hapa kuna nafuu ambayo wengi hawaijui. Kibao cha kuuza, kupangisha, kutazama nyumba au cha mshale kina njia tatu halali.

Ya kwanza: kisiwe na utambulisho wa mwenye leseni yeyote. Mshale wenye maneno "Open House" tu, bila jina wala nembo, hauhitaji namba.

Ya pili: kiwe na utambulisho wa broka pekee, bila kumtaja wakala yeyote. Hapo namba ya wakala haihitajiki.

Ya tatu: kimtaje wakala. Basi masharti yote yanaingia: jina lako, namba yako, na utambulisho wa broka.

Shida huanzia kwenye kile kibao kidogo kinachoning'inizwa chini ya kikubwa, chenye jina lako na simu yako. Kibao kikubwa cha kampuni kilikuwa halali kikiwa peke yake. Ulipoongeza kidogo, umemtaja wakala, na nafuu ya njia ya pili imeondoka. Kwa hiyo vibao vidogo vyote vipitie kimojakimoja na uongeze namba.

Kwa mwenye bajeti ndogo, ushauri wangu ni kwamba mishale iwe mitupu. Ni rahisi, inaweza kutumiwa na ofisi nzima, na ukihama kampuni haitupwi. Fedha ziweke kwenye kibao kikuu. Kwa vibao vya zamani ambavyo bado ni vizima, stika ya namba iliyotengenezwa kwa vinili ya nje inatosha, mradi ishike vizuri na isomeke.

Hatua ya 6: Ukubwa wa herufi

Kanuni inasema namba ya leseni isiandikwe kwa herufi ndogo kuliko herufi ndogo kabisa zilizotumika kwenye tangazo hilo. Pima kwa rula au soma ukubwa kwenye faili asilia.

Hicho ni kiwango cha chini. Tangazo lenye maelezo ya chini yasiyosomeka bila miwani linaweza kuwa na namba ndogo vilevile na likawa ndani ya kanuni, ila halijamsaidia msomaji. Mimi ningeiweka namba chini ya jina, kwa ukubwa uleule wa namba ya simu. Unataka mteja aone simu yako. Aone na leseni yako pia.

Hatua ya 7: Ukitumia jina la timu

Jina la timu linalotumika bila kusajiliwa kama jina la biashara lina masharti matatu. Liwe na jina la ukoo la angalau mmoja wa wanatimu wenye leseni. Liende pamoja na mojawapo ya maneno ya Kiingereza "team", "group" au "associates". Na lisiwe na neno "broker", "brokerage" au jingine la kufanya timu ionekane kama kampuni ya broka inayojitegemea.

Kwenye tangazo la timu, weka jina na namba ya leseni ya angalau mwanatimu mmoja mwenye leseni, na utambulisho wa broka uonekane wazi sawasawa na jina la timu. Hapa ndipo miundo mingi mizuri huanguka: jina la timu limejaa ukurasa, la broka limefichwa pembeni kwa rangi ya kijivu juu ya kijivu. Ama punguza la timu, ama kuza la broka.

Msaidizi asiye na leseni akionekana kwenye picha ya timu, cheo chake kiandikwe wazi ili mteja asimchukulie kuwa wakala.

Hatua ya 8: Picha zilizobadilishwa

Tangu 1 Januari 2026, tangazo la kuuza nyumba likiwa na picha iliyobadilishwa kidijitali lazima liseme hivyo, kwa maandishi yanayoonekana juu ya picha au kando yake. Pia liwe na kiungo, anwani ya tovuti au msimbo wa QR unaomfikisha mtazamaji kwenye picha asilia ambayo haikuguswa, nayo itambulishwe kuwa ndiyo asilia.

Kubadilisha ni kuongeza, kuondoa au kugeuza kitu: samani zilizochorwa kwenye chumba kitupu, rangi mpya ya ukuta, sakafu nyingine, nyasi za kijani mahali pa vumbi, nguzo ya umeme iliyofutwa, mandhari ya dirishani. Akili unde ikitumika kufanya hayo, ni hayohayo. Lakini kurekebisha mwanga, kunyoosha picha iliyopinda, kukata kingo au kusawazisha rangi za kamera hakuhesabiwi, mradi nyumba yenyewe inabaki ilivyo.

Kwa vitendo: mwambie mpiga picha akupe mafaili yote mawili, asilia na lililorekebishwa, kabla hujamlipa. Ukikosa asilia, usilitumie lililorekebishwa. Tengeneza folda moja mtandaoni kwa kila nyumba, na msimbo wa QR uelekee huko.

Sheria hii naiunga mkono kwa moyo wote. Kuna familia zinazochagua nyumba zikiwa jimbo jingine, au nje ya nchi kabisa, kwa kutegemea picha tu.

Hatua ya 9: Broka apitie, kisha ndipo uchapishe

Broka ana wajibu wa kusimamia matangazo ya mawakala walio chini yake. Mtumie jedwali na sampuli ya kila aina, upate idhini yake kwa maandishi. Jambo hili linamlinda yeye na linakulinda wewe, maana DRE inaweza kutoa hati ya kosa yenye faini inayofika dola 2,500, na makosa makubwa zaidi yanaweza kufika kwenye leseni yenyewe.

Mchapishaji akikutumia sampuli ya mwisho, mpe mtu mwingine, asiyeijua namba yako, aisome kwa sauti huku wewe ukifuatilia kwenye ukurasa wa DRE. Jicho lako mwenyewe limezoea namba hiyo na litaona linachotarajia kuona.

Tunza nakala ya kila tangazo na tarehe lilipoanza kutumika. Na uliweke jedwali lile hai, kwa sababu siku utakayohama broka, kila mstari wake utahitaji kubadilishwa: subiri hadi ukurasa wa DRE uonyeshe broka mpya, badilisha violezo, kisha saini za barua pepe, kisha kurasa za mtandaoni, na siku hiyohiyo upite kwenye nyasi za wateja wako uondoe vibao vyenye jina la zamani.